Afya: Tansio inapimwa hata mguuni, na wagonjwa wa sukari wasiikose

Mzee anayepanda mlima wa Kadutu, mjini Bukavu, anasimama kila baada ya hatua mia moja au mia mbili. Shavu la mguu linauma kama limekazwa kwa kamba. Anapumzika dakika chache, maumivu yanaisha, anaendelea. Mbele kidogo yanarudi. Nyumbani wanasema ni uzee, wanamkanda kwa maji ya moto.

Huenda si uzee. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuisha kwa kusimama ni dalili inayojulikana ya mishipa ya damu ya miguu iliyoanza kuziba. Wajerumani wanauita ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa kuwa mgonjwa husimama akijifanya anatazama bidhaa. Sokoni Kadutu angejifanya anauliza bei ya makayabu.

Kuna kipimo cha kuutambua, bila sindano wala kulazwa. Daktari Mmarekani Travis Winsor alikieleza mwaka 1950: tansio ya kifundo cha mguu inalinganishwa na ile ya mkono. Kwa mtu mzima wa afya aliyelala, ya mguuni inalingana na ya mkononi au inaizidi kidogo. Ikiwa ya mguuni imeshuka, kuna kizuizi njiani, kama vile maji yanavyotoka kwa nguvu kwenye bomba la jirani lakini kwako yanadondoka tu.

Mgonjwa analala chali kwa dakika kumi hivi. Ni lazima alale, maana akikaa, uzito wa damu yenyewe unapandisha tansio ya mguuni na hesabu inaharibika. Muuguzi anafunga mkanda wa tansio kwenye mikono yote miwili, kisha juu ya kila kifundo cha mguu. Mguuni anasikiliza damu kwa dopla, kifaa kidogo kama kalamu nene. Anajaza hewa mpaka sauti inyamaze, anaitoa polepole, na sauti ikirudi anaandika namba. Namba kubwa ya mguu inagawanywa kwa namba kubwa ya mikono.

Mfano: mkono 140, mguu 90. Jibu ni 0,64. Kuanzia 1,00 hadi 1,40 ni kawaida. 0,90 kushuka chini ni ugonjwa. Chini ya 0,40 hali ni mbaya sana. Na mishipa ikiziba miguuni, mara nyingi ile ya moyo na ya ubongo nayo si mizima, kwa hiyo namba hiyo ndogo inaonya pia juu ya moyo na kupooza.

Lakini kipimo hiki kina mtego, na wanaonaswa zaidi ni watu walioishi na sukari miaka mingi, pamoja na wagonjwa wa figo. Mishipa yao huwa migumu kama mpira uliokauka, mkanda hauwezi kuibana, na jibu linatoka juu ya 1,40 au linaonekana zuri huku damu haifiki vidoleni. Kwao inafaa kupima tansio ya kidole gumba cha mguu. Tena wengi wao wamepoteza hisia miguuni: hawasikii maumivu ya mlimani, wanashtukia tu kidonda kisichopona. Kidonda cha namna hiyo kikichelewa, ndipo maneno ya kukata mguu yanapoanza.

Dopla inayosikiliza moyo wa mtoto tumboni haifai sana kwa kazi hii. Imetengenezwa kusikia kilicho ndani sana, na mshipa wa mguu uko karibu na ngozi. Pasipo dopla inayofaa, muuguzi bado anaweza kutafuta kwa vidole mapigo ya juu ya unyayo na ya nyuma ya kifundo, kwa ndani. Inatosha mgonjwa kuvua viatu, jambo ambalo mara nyingi haliombwi.

Aliyegunduliwa mapema anaachishwa sigara, anapewa dawa za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda, na anahimizwa kutembea kila siku hata kama inauma kidogo. Wachache wanahitaji upasuaji wa kufungua mshipa. Na kidonda cha mguu kisifungwe bandeji ya kukaza kabla ya kujua damu inafika vipi: mguu wenye damu kidogo ukibanwa, unaweza kufa.