Umetangaza kuuza, je, umeshauza?

Ukipita Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu katika Halmashauri ya Msalala, hutakosa kukutana na maneno haya: "Kiwanja kinauzwa, piga namba hii." "Bodaboda inauzwa, haina deni." "Karasha inauzwa pamoja na mota yake." Mengine hayako ukutani wala kwenye mti. Yako kwenye status ya WhatsApp ya mzazi anayetafuta ada kabla shule hazijafunguliwa.

Shida huanza simu inapoita. Mtu wa kwanza anasema, "Hiyo pikipiki nimeichukua, usimpe mtu." Baada ya saa moja anapiga wa pili, anaongeza laki mbili. Yule wa kwanza akisikia anakuja juu: "Ulitangaza mwenyewe, nikakubali, huwezi kuniruka! Nakupeleka mahakamani."

Je, ana haki? Mzazi anayetegemea hela hiyo kulipa ada anahitaji kulijua jibu kabla hajaandika tangazo.

Tangazo ni mwaliko

Biashara za namna hii zinaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mkataba huanza na ofa, na ofa hiyo ikakubaliwa. Ofa hapa si punguzo la bei kama tulivyozoea dukani. Ni mtu kumwambia mwenzake, "Niko tayari kufanya jambo hili kwa masharti haya," akiwa amekusudia kwamba mwenzake akisema ndiyo, basi mambo yamekwisha.

Tangazo la kawaida halijafika hapo. Linawaita watu waje, waangalie, waulize, wataje bei. Anayetoa ofa ni mnunuzi, na wewe muuzaji ndiye unayekubali au kukataa. Sababu yake ni rahisi. Una pikipiki moja. Wakipiga watu kumi na wote wakasema "nimekubali," kama tangazo lingekuwa ofa ungekuwa na mikataba kumi na pikipiki moja. Tisa wangekudai fidia.

Mahakama ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1968, katika kesi ya mtu aliyetangaza ndege wa porini kwenye gazeti la wafugaji wa ndege, akitaja na bei. Alishitakiwa kwa kosa la kutoa ofa ya kuuza ndege ambao sheria inawalinda. Mahakama ikamwachia: kutangaza kwake kulikuwa mwaliko, hakukuwa ofa. Maamuzi ya nje kama hayo hayazilazimishi mahakama zetu, lakini huweza kuzisaidia kama mwongozo, kwa kuwa misingi ya sheria yetu ya mikataba ina asili hiyohiyo ya Kiingereza.

Kwa hiyo yule mpigaji wa kwanza, kama alisema tu "nimeichukua" na wewe hukumjibu ndiyo, hana mkataba na wewe.

"Bei ya mwisho ngapi?"

Hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Mtu anauliza bei ya mwisho, unamjibu, "Milioni moja na laki sita." Naye anasema, "Sawa, nimekubali." Umefungwa?

Swali hili liliwahi kubishaniwa kuhusu shamba moja huko Jamaica, na uamuzi wake ulitolewa mwaka 1893. Mnunuzi alituma telegramu yenye maswali mawili: utatuuzia shamba, na bei yako ya chini ni ipi? Mwenye shamba akajibu la pili tu, kwamba bei ya chini ni pauni 900. Mnunuzi akarudisha jibu kwamba amekubali kununua. Majaji walisema hapakuwa na mkataba. Mwenye shamba alitaja bei, lakini hakuwa amesema "nitakuuzia."

Usilale usingizi kwa sababu ya kesi hiyo. Mahakama hutazama mazungumzo yote, haitazami neno moja. Ukijibu, "Milioni moja na laki sita, ukiwa nayo njoo uchukue, ni yako," umeshavuka mpaka. Hapo umetoa ofa, na mwenzako akisema ndiyo kabla hujabadili mawazo, mmeshafunga mkataba. Hauhitaji mhuri wala mwanasheria. Makubaliano ya mdomo kuhusu bidhaa yanaweza kuwa mkataba, ingawa kuyathibitisha ni kazi.

Kumbuka pia kwamba kukubali lazima kuwe kwa moja kwa moja. Ukisema milioni moja na laki sita, naye akajibu, "Sawa, ila nitalipa nusu, nusu mwisho wa mwezi," hajakubali. Ametoa ofa yake mpya, na ni juu yako kuipokea au kuikataa.

Tangazo linapofunga lenyewe

Kuna matangazo ambayo hayaachi nafasi ya kujadiliana. Yanataja kitu, bei, idadi na nani atakipata. Hayo ni hatari kwa anayeyaandika kwa mzaha.

Mwaka 1956 duka moja la Minneapolis, Marekani, lilitangaza gazetini shali moja ya manyoya ya sungura yenye thamani ya dola 139.50. Bei ya siku hiyo: dola moja, kwa atakayewahi. Mwanamume mmoja aliwahi na dola yake. Wenye duka wakamwambia kwamba utaratibu wao ni kuwauzia wanawake tu. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota iliamua kwamba tangazo lile lilikuwa ofa kamili, naye aliikubali kwa kufika wa kwanza. Duka halikuweza kuongeza sharti baada ya mtu kutimiza yaliyoandikwa. Alilipwa dola 138.50.

Kwa hiyo mama mwenye duka la nguo anayeandika kwenye kundi la WhatsApp, "Watatu wa kwanza kufika Jumamosi saa mbili asubuhi na shilingi 10,000 kila mmoja anapata kitenge," ajiandae kuvitoa vitenge hivyo vitatu.

Matangazo ya zawadi yako kundi hilohilo. Sheria yetu inasema kwamba kutimiza masharti ya ofa ni kuikubali. Ukiandika, "Atakayeniletea begi lenye vyeti vya mwanangu nitampa shilingi 100,000," aliyeliona tangazo lako na kuleta begi anakudai. Ukiandika "zawadi nono," hapo ni vigumu kwake kudai kiasi fulani, maana hakuna ajuaye nono ni ngapi.

Kianzio hubadilisha mambo

Mara nyingi kinachomaliza ubishi ni pesa. Mtu akikutumia shilingi 200,000 kwa simu, nawe ukajibu, "Nimepokea, iliyobaki lete Ijumaa," ujumbe huo ni ushahidi kwamba mmekubaliana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za namna hiyo mahakamani.

Ukimuuzia mwingine kwa sababu ameongeza dau, kurudisha kianzio hakutoshi kila mara. Tuseme mlikubaliana milioni moja na laki sita, naye ikambidi anunue pikipiki kama hiyo kwa milioni moja na laki nane. Anaweza kukudai ile laki mbili ya tofauti, juu ya kianzio chake. Na wewe pia una haki hiyo: mnunuzi akikukimbia mkishakubaliana, ukalazimika kuuza kwa bei ya chini, unaweza kumdai hasara.

Kwa hiyo kama hujaamua, usipokee hela. Mwambie, "Bado nasikiliza wateja, njoo uione." Na ukishauza, futa tangazo au andika "imeuzwa" siku hiyohiyo.

Si kila mtu anaweza kusema ndiyo

Kuta nyingi nchini zimeandikwa, "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli." Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna ugomvi wa nyumbani: baba ametangaza kuuza, mama hana habari, au mmoja wa watoto wa marehemu ameanza kutafuta wateja kimyakimya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Mwenza anaweza pia kuweka zuio ili kulinda masilahi yake. Kwa ardhi, maneno ya simu hayatoshi: mkataba wa kuuza haki ya ardhi unatakiwa uwe wa maandishi, na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe. Mnunuzi, ukiona tangazo la kiwanja, usiishie kwa dalali na muuzaji. Uliza mwenza wake yuko wapi, kisha nenda ofisi ya kijiji au mtaa.

Na watoto je? Mwenye umri chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba. Kijana wako wa sekondari akitangaza kuuza simu uliyomnunulia, aliyeinunua amejitafutia matatizo. Akiitangaza pikipiki yako, hali ni mbaya zaidi kwa mnunuzi, kwa kuwa si mali ya kijana huyo.

Uongo wa kwenye tangazo

Tangazo kutokuwa mkataba hakukupi ruhusa ya kudanganya. "Injini haijawahi kufunguliwa," "haina deni," "kiwanja hakina mgogoro": maneno haya ndiyo yanayomleta mnunuzi. Akinunua kwa kuyaamini, kisha ikathibitika kuwa ya uongo, sheria inamruhusu kuukataa mkataba. Wafanyabiashara nao wanabanwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza matangazo ya kupotosha.

Kabla hujaandika "inauzwa," mzazi mwenzangu, kaeni nyumbani mkubaliane mambo matatu: tunauza au hatuuzi, bei ya chini ni ipi, na nani atapokea simu. Mmoja akisema ndiyo kwa mteja huyu na mwingine kwa yule, mnaweza kujikuta na wanunuzi wawili wa pikipiki moja. Ukimkubali mteja, mtumie ujumbe mmoja mfupi unaotaja kitu, bei, siku ya kulipa na siku ya kukabidhi. Mstari huo utawaokoa nyote wawili siku mmoja wenu atakapobadili maneno.