Njia ya Kwenda Boma

Mwanafunzi mmoja wa darasa langu hapa Uvira aliniuliza swali ambalo sikulijibu vema. Tulikuwa tukijifunza habari za serikali na mahakama zake. Kijana akasimama, akasema: "Mwalimu, hakimu ni mtu kama sisi. Akikosea, nani atamwambia kwamba amekosea?" Nikamjibu upesi: "Hakimu aliye juu yake." Lakini kijana hakuketi. "Na huyo wa juu, anakaa wapi?" Darasa lote likacheka, kwa maana alikuwa akitazama dirishani, upande wa milima, kana kwamba anaitafuta nyumba ya hakimu huyo.

Mimi nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba mtoto amegusa jambo kubwa. Kwa watu wa ziwa hili la Tanganyika, swali la kwanza juu ya mahakama ya juu halikuwa kama ina hekima au haina. Swali lilikuwa: iko wapi, na mtu atafikaje? Basi leo namjibu kijana yule mbele yenu ninyi nyote.

Kwanza tufahamu kwa nini mahakama ya juu ipo. Katika ukoo, kijana akionewa na kaka yake mkubwa, humwendea baba. Akiona baba hakusikia vema, humwendea mzee wa ukoo. Si kwamba mzee hakosei. Lakini yeye hakuwapo palipotokea ugomvi, hana hasira wala hofu, naye huwauliza wote wawili. Ndiyo kazi ya rufani: kumpa mtu sikio la pili, lisilochafuliwa na vumbi la ugomvi wa kwanza.

Nchi yetu ilipotawaliwa na Mfalme Leopold II, tangu mwaka 1885, kwa jina la Dola Huru ya Kongo, mahakama ziliwekwa Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Huko ilikuwako mahakama ya kwanza, na huko huko mahakama ya rufani. Tena mwaka 1889 likaundwa Baraza Kuu, lililokaa Bruxelles, ng'ambo ya bahari. Sheria ziliandikwa vizuri, na mahakimu walikuwa watu waliosoma. Lakini tazameni ramani. Kutoka Uvira hadi Boma, hata kama ndege angeruka moja kwa moja bila kutua, ni zaidi ya kilomita 1,700. Na mwanadamu si ndege. Wakati ule mtu wa ziwani alivuka nchi ya Manyema kwa miguu, akashuka mto kwa mitumbwi, akapita maporomoko, akapanda meli ya moshi hadi Léopoldville, ndipo akaipata reli ya Matadi, iliyomalizika mwaka 1898. Ilikuwa safari ya miezi. Na huku kwetu Uvira palikuwa kituo cha askari, na neno la mkuu wa askari lilikuwa karibu kila siku ndilo neno la mwisho.

Jinsi njia hiyo ilivyokuwa, tutaona katika mambo mawili yaliyotokea upande wetu wa mashariki.

La kwanza ni habari ya Charles Stokes. Huyu alikuwa Mwairlandi aliyekuja Afrika na wamisionari wa Kianglikana, kisha akaacha kazi ile akawa mfanya biashara. Misafara yake ya wapagazi ilijulikana kuanzia pwani hadi Tabora na Ziwa Viktoria. Mwaka 1895 alikamatwa katika misitu ya mashariki ya Kongo. Afisa wa Dola Huru, jina lake Lothaire, alimshtaki kwamba amewauzia silaha Waarabu waliokuwa wakipigana na serikali. Stokes hakuwa askari. Kwa sheria ya nchi alikuwa na haki ya kuomba rufani Boma. Lothaire hakumpa nafasi hiyo. Kesi ilisikilizwa upesi, na asubuhi ya tarehe 15 Januari 1895 Stokes akanyongwa mahali paitwapo Lindi.

Uingereza na Ujerumani zikalalamika kwa nguvu. Dola Huru ya Kongo ikalipa fidia, faranga 150,000 kwa Waingereza na 100,000 kwa Wajerumani. Lothaire naye akashtakiwa. Mwaka 1896 mahakama ya Boma ikamwachilia, na Baraza Kuu la Bruxelles likamwachilia tena mwaka ule ule. Angalieni ajabu hii: yule aliyemnyima mwenzake rufani, yeye mwenyewe alihukumiwa mara mbili kwa utulivu, mbele ya mahakimu wawili, mmoja juu ya mwingine.

La pili lilitokea kwenye pwani hii hii yetu, mwanzo wa karne ya ishirini. Mwaustria mmoja, Gustav Rabinek, alikuwa akinunua pembe za ndovu na mpira, yaani ule utomvu wa miti uliotafutwa sana Ulaya wakati ule kwa magurudumu. Mwaka 1901 alikamatwa katika Ziwa Mweru, akiwa ndani ya meli yenye bendera ya Kiingereza. Alishtakiwa kwamba amefanya biashara kinyume cha sheria. Yeye alidai kwamba anacho kibali. Akaletwa Mtowa, bandari ya zamani ya misafara, kusini kwetu, karibu na mji uitwao sasa Kalemie. Huko mahakama ya askari ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja.

Rabinek akaomba rufani. Safari hii hawakumnyima. Sheria ilisema aende Boma, basi akapelekwa Boma, kupitia nchi yote ya Kongo, chini ya ulinzi. Hakufika. Mwezi wa Septemba 1901 alikufa njiani, na rufani yake haikusikilizwa kamwe.

Wasomaji wapenzi, ni kesi ipi kati ya hizi mbili iliyo mbaya zaidi? Stokes alifungiwa mlango. Rabinek alifunguliwa mlango, lakini mlango ulikuwa mbali kuliko nguvu za mwili wake. Mwisho wao ulikuwa mmoja. Wazee wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Haki ya Rabinek ilikuwa Boma imekaa inamngoja, naye hakuwapo.

Tena fikirini. Hao walikuwa Wazungu, wenye mali na marafiki. Majina yao yaliandikwa katika magazeti ya Ulaya, na serikali kubwa zikauliza habari zao. Je, Mvira, Mfuliiru au Mbembe aliyechapwa kiboko kituoni au kunyang'anywa mbuzi wake, angeipeleka wapi kesi yake? Nani angemlisha njiani? Nani angeilimia familia yake miezi yote hiyo? Majina ya watu hao hayakuandikwa na gazeti lolote.

Hata hivyo tusiseme kwamba mahakama ya Boma haikufaa kitu. Mwaka 1904 ilitoa hukumu ambayo yafaa kila mwanafunzi wa Kongo aijue. Wakala mmoja wa kampuni ya mpira katika nchi ya Mongala, kaskazini, jina lake Charles Caudron, alishtakiwa kwa sababu ya mashambulio juu ya vijiji vilivyokataa kuleta mpira, na watu wengi waliouawa humo. Mwezi wa Januari mahakama ya kwanza ilimhukumu kifungo cha miaka 20. Mwezi wa Machi mahakama ya rufani ikapunguza adhabu, ikawa miaka 15.

Msomaji atashangaa: kupunguza adhabu ya mtu wa namna ile, wema wake ni nini? Wema umo katika sababu iliyoandikwa. Mahakimu walisema kwamba Caudron hakutenda peke yake. Wakuu wa serikali walijua yanayotendeka wakayaacha, na askari wa serikali walitumika katika mashambulio hayo. Basi haikuwa haki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Kwa maneno hayo mahakama ya serikali iliishtaki serikali yenyewe. Mtawala aliweza kuwakanusha wageni wenye kumsema vibaya. Kuikanusha hukumu ya mahakama yake mwenyewe kulikuwa kazi ngumu zaidi.

Mwaka ule ule Mfalme, kwa kusukumwa na makelele ya Ulaya, alituma tume ya watu watatu kuchunguza mambo ya Kongo. Mmoja, Edmond Janssens, alikuwa mwanasheria wa Cour de cassation ya Ubelgiji, yaani mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Wa pili, Giacomo Nisco, Mwitalia, alikuwa hakimu wa rufani huko Boma. Wa tatu, Edmund de Schumacher, alitoka Uswisi. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1905. Ilishuhudia mateso ya kazi ya mpira. Lakini pia ilisema neno juu ya njia yetu ile. Iliandika kwamba mashahidi walioitwa Boma kutoka mbali walipata taabu kubwa, kwamba wengi hawakurudi kwao, na kwamba watu waliogopa mno kuitwa huko. Haya basi! Mahali palipojengwa ili mnyonge apate kusikilizwa pamekuwa jina la kutisha, hata mtu aliona heri anyamaze na uchungu wake kuliko kwenda kutoa ushuhuda.

Mwaka 1908 Dola Huru ikakoma, Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji. Baadaye mahakama ya pili ya rufani ikawekwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na reli ikafika ziwani mwaka 1915. Njia ikafupika, lakini kwa mtu mweusi ilibaki njia nyembamba.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Hakimu wa juu anakaa wapi leo? Katiba ya mwaka 2006 imeiweka Cour de cassation Kinshasa, juu ya mahakama zote za kawaida. Chini yake ni mahakama za rufani, na yetu ya Kivu ya Kusini makao yake ni Bukavu. Chini yake tena ni mahakama kubwa na mahakama za amani. Kifungu cha 21 cha Katiba hiyo kinasema kwamba kila hukumu iandikwe pamoja na sababu zake, isomwe mbele ya watu, na kwamba haki ya rufani ni ya watu wote. Hayo ndiyo Stokes aliyonyimwa. Na ule uzito wa sababu zilizoandikwa ndio tuliouona katika hukumu ya 1904.

Lakini barabara ya bonde la Ruzizi tunaijua sisi. Tangu vita vya 1996 imefungwa mara nyingi. Tunaijua nauli, tunajua na siku ambazo mama hawezi kuiacha biashara yake ya ndagala aende kukaa Bukavu akingoja kuitwa. Boma imesogea karibu, ila haijafika mlangoni.

Kwa hiyo nataka mkumbuke jambo la mwisho. Mwanzo wa mwaka 2011, huko Fizi, wanawake wengi walinajisiwa na askari. Safari hii wanawake hawakuambiwa waende mbali. Mahakama ya kijeshi ilifunga safari yenyewe, ikaja Baraka, pwani ya ziwa letu. Mahakimu wakaketi pale, wanawake wakasimama wakasema waliyotendwa. Tarehe 21 Februari 2011 afisa aliyewaongoza askari wale, luteni-kanali, akahukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miaka 110 kabla yake, kwenye pwani hiyo hiyo, mtu alihukumiwa Mtowa akafa akiifuata haki. Baraka, haki ndiyo iliyosafiri.

Hukumu moja haimalizi uovu wote, na mwenye macho huku kwetu anajua. Lakini inatuonyesha la kuomba. Tuwaombe wenye mamlaka mahakama zinazosafiri ziwe nyingi, zifike Fizi, zifike bondeni, zipande na milimani. Nasi wenyewe tufanye sehemu yetu. Enyi wazazi, mkihukumiwa kwa haki au kwa kuonewa, ombeni hukumu iliyoandikwa, itunzeni kama mnavyotunza cheti cha ubatizo. Jueni siku: katika kesi ya jinai, rufani huombwa ndani ya siku 10. Anayengoja hadi mavuno yaishe, amejifungia mlango kwa mkono wake. Nanyi wanafunzi, someni sheria, ili siku moja mama asiyejua kusoma apate mtu wa kumsomea karatasi yake bila kumdai kitu.

Kijana yule nimemwambia hivi: hakimu wa juu anakaa Kinshasa, lakini uhakimu wake hupimwa hapa Uvira, kwa mtu aliye mbali na asiye na nauli. Safari hii aliketi. Kisha akanyosha mkono tena: "Mwalimu, hizo siku 10 zinahesabiwa kuanzia lini?" Nikafurahi. Mtoto ameanza kushika njia.