Unataka Chuma ya Kulinda Keja Eldoret? Soma Hii Kwanza

Wasee wa Sisibo, hii swali huulizwa kila mara wezi wakipita mtaani: nikishika chapaa, ninunue chuma gani ya kulinda keja, bastola ama shotgun? Langas wanauliza, Kapsoya wanauliza, hadi Elgon View kwenye watu wako na geti na soja. Ukidhani ni kama kuchagua simu, utajipata ndani.

Kwanza toa AK kwa kichwa. Silaha za kijeshi si za raia, na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inasema ukishikwa na silaha iliyopigwa marufuku bila kibali ni jela miaka 7 hadi 15. Kwa hivyo yule jamaa anakunong'onezea ati anajua mtu Kerio Valley mwenye anauza bei poa, mkimbie. Februari 2023 gava ilituma hadi KDF North Rift kusaka hizo hizo bunduki. Hutaki moja ipatikane chini ya godoro lako.

Njia halali ni ile ya Firearms Licensing Board. Utatoa cheti cha tabia njema cha DCI (hiyo unaanzia eCitizen, kisha alama za vidole), utapimwa akili, na utaeleza sababu ya maana ya kutaka silaha. Mlevi sugu hapewi. Na ukipewa usijione umefika. Desemba 2018 Waziri Matiang'i aliamuru raia wote wenye bunduki wahakikiwe upya, vibali vya kitambo vikabaki karatasi tu.

Haya, tuseme umepita. Shotgun ni ndefu. Kwa singo ya kumi kwa kumi ukigeuka nayo inagonga kabati, inagonga meko, mwizi anaishika mdomo. Bastola inatosha mkononi lakini ni ngumu kulenga bila mazoezi ya mara kwa mara. Usiku, mkono ukitetemeka, na utatetemeka, risasi inaenda kwenye haukuitaka. Sasa angalia ukuta wako. Ploti ngapi hapa zimegawanywa na mabati ama plaiwudi? Risasi haijui keja yako inaishia wapi. Inatoboa inaenda kwa mama wa jirani mwenye amelala na watoto.

Alafu sheria inataka chuma ikae imefungiwa mahali salama, si chini ya mto. Kwa hivyo mlango ukivunjwa saa nane usiku, wewe unatafuta funguo ya sefu na tochi ya simu.

Na ukifyatua je? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa lugha ya mtaa: hatari iwe iko hapo hapo, na nguvu yako ilingane nayo. Mwizi akiwa tayari ameruka ukuta na TV yako, ukimpiga ya mgongo, mshtakiwa sasa ni wewe.

Manze, mimi hii kitu nimeiona karibu. Nikiwa bado chuo, kabla niache, nilikuwa nimekodi Annex. Usiku mmoja mtu akaanza kusukuma mlango wangu, anaingiza funguo, anatusi. Nikachukua panga nikasimama nyuma ya mlango nikihesabu pumzi. Akaita jina la bibi yake. Kumbe ni jirani wa chumba cha tatu, amelewa, amekosea mlango. Ningekuwa na bastola hiyo usiku ningepiga kupitia mbao. Sina shaka.

Oscar Pistorius alifanya hivyo Pretoria, 14 Februari 2013. Risasi nne kupitia mlango wa choo, akasema alidhani ni mwizi. Ndani alikuwa Reeva Steenkamp, dem wake. Bunduki ilikuwa na leseni. Mwaka wa 2015 mahakama ya rufaa ikasema ni mauaji.

Kesho yake nilienda hadiwea nikanunua komeo mbili nzito na balbu ya nje, fundi akaongeza chuma kwa fremu ya mlango. Tukachangiana na wasee wa ploti tukalipa soja mmoja mzee mwenye firimbi. Yule jirani bado alikuwa anarudi amelewa, lakini sasa soja ndiye alikuwa anamwonyesha mlango wake.