Usita wa Mui na Daftari la Mwenye Duka



Mgeni anayeshuka gatini Lamu huyaona kwanza majengo yanayoelekea bahari, akadhani hapo ndipo uso wa mji. Mwenyeji humwelekeza apenye kichochoro, na huko nyuma ndiko atakakokutana na Usita wa Mui, njia yetu kuu tangu enzi za mababu. Yafuata pwani kutoka Mkomani hadi Langoni, nayo ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Ngome, iliyojengwa baina ya 1813 na 1821, ilikuwa karibu na maji. Baadaye ufuo ulijazwa, nyumba zikajengwa mbele yake, na bahari ikawa mbali.

Nilipokuwa mtoto, mwenye duka aliishi orofani na aila yake, na baraza ya duka ilikuwa majilisi ya wazee. Sukari ilifungwa kwa gazeti, mchele ukapimwa kwa kibaba. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalileta tende, na yaliporudi Uarabuni yalipakia boriti za mikoko. Ngome ilikuwa jela hadi 1984, nasi watoto tulipofika hapo Mkunguni tulikaza mwendo.

Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na waliokula kwa biashara hiyo wakatafuta njia nyingine. Watalii nao walikuwa wamekwisha kuingia. Duka la mchele likawa la vinyago. La mafuta ya taa likawa la vikoi na fedha ya masonara. Mwaka 2001 mji wetu mkongwe ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Orodha hiyo yahifadhi kuta za mawe, wala haikuahidi kumhifadhi mwenye duka. Tangu 2007 imekuja M-Pesa, na leo kijana hulipa kwa simu bila hata kukaa barazani.

Sisemi haya kwa kulalamika, kwani riziki hubadilika milango. Lakini liko jambo lililonifika mwenyewe.

Jirani mmoja alirithi duka la babake katika njia hiyo, akaamua kulikodisha. Alipokuwa akiondoa makasha, alikuta daftari la madeni. Akaniletea, akaniuliza: "Sheikh, nilichome?" Nikalifungua. Majina mengi yalikuwa yamekatwa kwa wino, maana yake yamelipwa. Katika ukurasa mmoja nikaliona jina la marhumu mama yangu: sukari, unga, mafuta ya taa. Jumla ilikuwa shilingi 38, na haikukatwa.

Nilikumbuka. Ni mimi niliyetumwa. Nilikuwa nikisema, "Ami, mama asema uandike," naye huandika bila kuniuliza neno, wala hakumtahayarisha mama mbele ya watu.

Nilitoa pesa. Kijana akakataa, akasema, "Nimesamehe." Nikamwambia, "Mwanangu, wewe wasamehe fungu lako tu. Deni hili ni mali ya warithi wote, na dada zako Mombasa wana haki yao." Akawapigia simu mbele yangu. Wakasamehe wote, mmoja mmoja, na dada mkubwa akalia, kwa kuwa alimkumbuka mama. Hapo ndipo kijana alipochukua kalamu, akakata jina lile.

Wapenzi wasomaji, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Na mirathi haigawanywi ila baada ya kulipwa madeni ya maiti na kutekelezwa wasia wake. Mwenye duka yule aliandika, na kwa kuandika alituachia sisi watoto njia ya kumwondolea mama mzigo wake. Simu zetu nazo huweka kumbukumbu ya kila senti, na hilo ni jema. Bali kumwandikia maskini na kumsubiri kwahitaji moyo wa mtu.

Basi leo jioni, kaeni na wazee wenu mngali nao. Waulizeni kwa adabu: mwadaiwa na nani, mwamdai nani? Andikeni, na mshuhudishe. Na mwenye duka miongoni mwetu, auze vinyago au mchele, asiache kumpa muhula aliyebanwa.

Wabillahi tawfiq.