Kitabu Alichokipenda na Kitabu Kilicholipa

Sogeeni, wanangu. Mmoja wenu ameniuliza aandike hadithi inayomkosesha usingizi, au ile ambayo watu watainunua. Nitawasimulia ya Louisa May Alcott, wa Concord, Massachusetts, nchini Marekani.

Louisa alikulia katika ukata. Baba yake, Bronson, alikuwa mwanafalsafa mwenye mawazo tele na mfuko mtupu, basi binti akashona, akafundisha, akafanya hata kazi za ndani. Riwaya aliyoitilia moyo wake wote iliitwa Moods. Mchapishaji akasema ni ndefu mno. Sura zikakatwa, kitabu kikatoka mwaka 1864. Henry James, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa, akakikosoa vikali. Hela ya chakula Louisa aliipata kwa hadithi za visasi na hila alizoyauzia magazeti ya kila wiki, bila kuweka jina lake. (Nadhani alizifurahia kuliko alivyokiri.)

Mwaka 1867, Thomas Niles wa kampuni ya Roberts Brothers akamwomba kitabu cha wasichana. Louisa hakutaka. Lakini Niles alikuwa tayari kuchapa kitabu cha Bronson iwapo binti angekubali, na mzee naye akambembeleza. Mwaka uliofuata akaketi kuandika huku akinung'unika: wasichana aliowajua vizuri ni dada zake tu. Basi akawaandika haohao, pamoja na ugomvi wao, ufukara wao na kifo cha mdogo wake. Niles aliziona sura za mwanzo hazina ladha, na Louisa akakubaliana naye. Kumbe ndicho kitabu cha Little Women! Kilinunuliwa mpaka madeni ya nyumbani yakalipwa yote.

Wasomaji wakaanza kumwandikia barua: Jo, msichana shujaa wa kitabu hicho, aolewe na Laurie, kijana jirani yake! Hapo akagoma. Katika sehemu ya pili, mwaka 1869, alimwoza Jo kwa profesa wa Kijerumani aliyemzidi umri. Mteja aliagiza chakula, sawa, lakini jikoni hakuingia.

Mwaka 1882, akiwa na jina na fedha, Louisa alirudi kwenye Moods. Baadhi ya sura zilizokatwa akazirudisha, na msichana aliyekufa katika toleo la kwanza akamwacha hai. Alieleza kwamba ujanani alidhani kifo ndiyo njia pekee ya kumtoa msichana yule kwenye matatizo yake. Utu uzima ulimfundisha vingine.