Ganda la Shaba au Ganda la Chuma: Ni Risasi Gani ya Kuaminiwa?

Katika maghala ya majeshi mengi duniani zimelala risasi za bunduki zilizoundwa kwa ajili ya vita vilivyokwisha zamani. Jeshi likibadili silaha zake, au mapigano yakikoma kabla akiba haijakwisha, masanduku hubaki. Mengine huuzwa kwa bei nafuu, mengine hugawiwa polisi na walinzi wa mbuga za wanyama, na mengine husahauliwa kabisa. Kila anayeyarithi hujiuliza: zipi ni za kuaminiwa, zenye ganda la shaba au zenye ganda la chuma? Swali hili si la wakuu wa majeshi peke yao. Mlinzi wa mbuga anapokutana na majangili, bunduki yake ikigoma kulia, huenda akalipa kwa uhai wake.

Yafaa kwanza ieleweke kazi ya ganda. Mbali na kubeba fataki, baruti na kichwa cha risasi, ganda lina kazi kubwa zaidi inayofanyika kwa kufumba na kufumbua. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, ili moto usirudi nyuma usoni pa mpigaji. Kisha hunywea kidogo, ndipo bunduki iweze kuling'oa na kulitupa nje. Shaba iliyochanganywa na zinki, sehemu 70 kwa 30, hufanya kazi hiyo vizuri mno, kwani hunyumbuka, hurudi katika umbo lake wala haishiki kutu kama chuma. Chuma ni kigumu zaidi, hakirudi upesi katika umbo lake, na kisipopakwa vanishi au utando mwembamba wa shaba huliwa na kutu.

Basi kwa nini chuma kilitumiwa? Jibu ni uhaba. Shaba, ambayo nchi zetu za Katanga na Zambia zimejaliwa kuwa nayo kwa wingi, huhitajiwa pia kwa nyaya za umeme na mitambo ya kila namna. Ujerumani, ilipozingirwa baharini katika Vita Kuu ya Kwanza, na tena katika Vita Kuu ya Pili, ilitengeneza maganda ya chuma. Marekani nayo iliyatengeneza kwa wingi katika vita hivyo vya pili, katika mji wa Evansville. Urusi ya Kisovieti ilikwenda mbali zaidi, ikakifanya chuma kuwa desturi hata wakati wa amani.

Wahandisi wa Kisovieti walikuwa na hoja. Risasi fupi ya milimita 7.62 iliyobuniwa mwaka 1943, ambayo ndiyo chakula cha bunduki ya Kalashnikov, ina ganda lililopungua unene kutoka kitakoni kuelekea shingoni. Kwa sababu ya umbo hilo, ganda likivutwa kidogo tu huachana na chemba. Bunduki nyingine, ambazo maganda yake yamenyooka zaidi, huvumilia chuma kwa shida. Wengi husema vanishi huyeyuka na kuliganda ganda chembani, lakini aghlabu mwenye lawama ni masizi, ambayo hupenya kwa kuwa chuma hakibani vema. Kwa hiyo uaminifu ni ndoa kati ya risasi na bunduki. Mmoja hawezi kusifiwa bila mwenzake kutazamwa.

Wala shaba haina kinga ya kila ugonjwa. Katika India ya wakoloni, risasi za Waingereza zilizowekwa katika mazizi ya farasi wakati wa masika zilionekana kupasuka maganda zenyewe. Mwaka 1921 wataalamu walieleza chanzo chake: hewa ya amonia itokanayo na mkojo wa farasi ilikuwa ikiishambulia shaba iliyobaki na mkazo tangu kiwandani.

Historia yetu wenyewe inatoa fundisho jingine. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wajerumani waliopoa shehena yake, wakazianika risasi na kuzifungua ili kuzikausha. Hata hivyo risasi nyingi ziliendelea kugoma. Kosa halikuwa la madini ya ganda, bali la maji ya bahari yaliyokwisha kuingia katika fataki na baruti.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Risasi ya zamani huzeeka kutoka ndani. Baruti isiyo na moshi huchakaa polepole na kutoa tindikali, na joto huharakisha uchakavu huo. Fataki nyingi za zamani, ziwe katika shaba au chuma, huacha chumvi inayovuta unyevu na kuozesha mtutu usipooshwa kwa maji na kupakwa mafuta. Kwa hiyo mtunza ghala mwenye busara husoma mwaka uliopigwa chapa kitakoni, hutenga risasi zenye kutu, ufa au mkwaruzo uliofika kwenye chuma, na hujaribu chache kutoka kila fungu kabla ya kuzigawa.

Silaha zilizozeeka zikirundikwa bila uangalizi huwa balaa kwa raia. Maghala yaliyolipuka Malhazine mjini Maputo mwaka 2007, Mbagala mwaka 2009, Gongo la Mboto mwaka 2011 na Mpila mjini Brazzaville mwaka 2012 yaliua watu waliokuwa majumbani mwao. Huko yaliyolipuka ni mabomu na makombora makubwa, lakini sheria ya utunzaji ni moja. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2004 umezitaka nchi zetu kuzitunza silaha ndogo kwa usalama na kuziteketeza zilizozidi mahitaji. Bei nafuu ya risasi kuukuu isitupumbaze. Shaba ni bora kuliko chuma kwa kadiri fulani, lakini ghala kavu, lenye hesabu sahihi na lililo mbali na makazi ya watu, ni bora kuliko vyote viwili.