Kulelewa na Kuasiliwa: Sheria Inavyomtazama Kijana Anayechukuliwa na Familia Yenye Uwezo

DODOMA – Katika Kata ya Majengo, kwenye mitaa inayolizunguka soko lenye jina la kata hiyo, si jambo geni kusikia kwamba kijana fulani "amepata wazazi". Mara nyingi ni mwanafunzi wa sekondari aliyefiwa, au mtoto wa mama anayepanga chumba kimoja na kuuza mboga, ambaye bidii yake darasani, miguu yake uwanjani au sauti yake kwenye kwaya imemfikisha machoni pa familia yenye mali na jina. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba za namna hiyo zimeongezeka jijini, na umbali kati ya chumba cha kupanga na nyumba yenye geti umekuwa mfupi kuliko zamani.

Kijana huhama na begi lake. Anapewa chumba, anabadilishiwa shule, anaanza kuwaita wenyeji wake baba na mama. Picha za sikukuu zinamwonesha katikati ya watoto wa nyumba hiyo. Majirani wa zamani huhesabu kwamba jambo limekwisha. Kisheria, huenda halijaanza.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya Mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inatenganisha mambo ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja la kulea. Mtoto anaweza kuishi kwa watu kwa hisani tu, bila karatasi yoyote. Anaweza kuwekwa katika malezi ya kambo, ambapo familia inamtunza kwa kibali na chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, huku uhusiano wake wa kisheria na wazazi waliomzaa ukiendelea kuwapo. Na anaweza kuasiliwa, yaani kufanywa mtoto wa familia hiyo kwa amri ya mahakama. Njia hii ya mwisho ndiyo pekee inayohamisha haki na wajibu wote wa mzazi kutoka kwa aliyemzaa kwenda kwa aliyemwasili. Kwa familia isiyo na undugu na mtoto, maombi hayo hupelekwa Mahakama Kuu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, kiapo cha wakili au makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee wa ukoo havitoshi, hata vikiwa na mihuri mingapi.

Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi siku inapohitajika. Mlezi akifariki bila wasia, kijana aliyeishi naye kwa hisani kwa miaka kumi hana nafasi ya mtoto katika mirathi. Ndugu wa marehemu wakimtaka aondoke, hoja yake kwamba aliitwa mwana wa nyumba ina uzito mdogo mbele ya msimamizi wa mirathi. Aliyeasiliwa, kinyume chake, anahesabiwa kama mtoto wa kuzaliwa wa mwenye kumwasili. Familia zinazogawa mirathi kwa taratibu za Kiislamu zinapaswa kulizungumza jambo hili mapema zaidi, kwa kuwa katika fikihi mtoto wa kulea habadilishi nasaba wala hapati fungu la mrithi. Anaweza kupewa zawadi mlezi angali hai, au kuachiwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali.

Mfano unaojulikana zaidi duniani wa mkanganyiko huu unatoka katika mji wa Memphis nchini Marekani. Michael Oher, kijana aliyezaliwa mwaka 1986 katika familia maskini yenye watoto 12, alichukuliwa na familia ya Sean na Leigh Anne Tuohy akiwa bado mwanafunzi. Bwana Tuohy alikuwa mmiliki wa migahawa na mtu aliyejulikana katika ulimwengu wa michezo. Oher akawa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, na kisa chake kikatolewa katika filamu ya The Blind Side ya mwaka 2009, iliyompatia Sandra Bullock tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya mama mlezi. Mamilioni ya watazamaji walitoka sinema wakiamini kwamba kijana huyo aliasiliwa.

Agosti 2023, Oher aliwasilisha mahakamani madai kwamba hakuwa ameasiliwa kamwe. Karatasi zilizotolewa mwaka 2004, alipokuwa ametimiza miaka 18, ziliwapa wenyeji wake usimamizi wa mambo yake, utaratibu ambao kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujisimamia. Yeye alisema alizielewa kuwa sawa na kuasiliwa. Familia ilikana kumnyonya, ikieleza kwamba hatua hiyo ilichukuliwa ili kutimiza masharti ya michezo ya vyuo vikuu. Septemba mwaka huohuo mahakama iliufuta usimamizi huo, na jaji akashangaa kwamba uliwahi kutolewa kwa mtu asiye na ulemavu wowote. Yeyote aliye na haki katika suala la fedha, jambo moja halikubishaniwa: kwa karibu miaka 19 kijana huyo hakuwa, mbele ya sheria, mtoto wa nyumba aliyoiita kwao.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Nchini Uganda, kwa miaka kadhaa, raia wa kigeni waliomba amri za ulezi wa kisheria badala ya kuasili, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa fupi, kisha wakaondoka nchini na watoto. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliufunga mlango huo kwa kuwaachia ulezi wa kisheria raia wa Uganda pekee. Kwa jirani zetu wa Malawi, umaarufu nao ulipimwa kortini. Aprili 2009 Mahakama Kuu ilimkatalia mwanamuziki Madonna kumwasili mtoto Mercy James kwa sababu hakuwa mkazi wa nchi hiyo, na ilibidi Mahakama ya Juu ya Rufaa iamue vinginevyo mwezi Juni. Sheria ya Tanzania ilipotungwa iliweka sharti la asiye raia kuwa ameishi nchini kwa angalau miaka mitatu mfululizo.

Kwa kijana wa Majengo, hata hivyo, mwenye kumtaka mara nyingi ni Mtanzania, na masharti yanayomgusa ni mengine. La kwanza ni umri. Mwombaji, au mmoja wao ikiwa ni mke na mume, awe ametimiza miaka 25 na awe amemzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Hesabu yake ni nyepesi, lakini wengi hawaifanyi. Anayetaka kumwasili kijana wa miaka 16 anatakiwa awe na miaka 37 au zaidi. Msanii au mchezaji wa miaka 28, hata awe na nyumba tatu na wafuasi milioni, anaweza kumsomesha kijana huyo, lakini hawezi kuwa mzazi wake kwa amri ya mahakama, isipokuwa awe ndugu yake, kwani kwa ndugu sheria imeweka umri wa miaka 21.

La pili ni kauli ya kijana mwenyewe, na hapa ndipo shauri la mtoto wa miaka 15 linapotofautiana kabisa na la mtoto mchanga. Mahakama hutakiwa kuzingatia maoni ya mtoto yeyote anayeweza kuyatoa, na akiwa ametimiza miaka 14, ridhaa yake ni sharti. Kijana wa umri huo anawakumbuka wazazi wake, ana wadogo zake, ana jina la babu. Amri ya kuasili inakata uhusiano wake wa kisheria na nyumba aliyotoka, na ana haki ya kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa kabla hajakubali. Wapo wanaokubali kwa furaha. Wapo pia wanaotaka shule na chakula, na si mama mwingine.

Ridhaa ya mzazi nayo inahitajika, ingawa mahakama inaweza kuiondoa pale mzazi alipomtelekeza mtoto, anapomtesa au asipojulikana alipo. Mzazi anayeridhia lazima aelewe kwamba anaachia haki zake moja kwa moja. Wala hapatikani mtu wa kulipwa: sheria inakataza malipo yoyote kwa ajili ya kuasili. Mfuko wa unga, kiwanja au mtaji wa genge vinavyotolewa "kumshukuru mama" wakati shauri likiendelea vinaweza kuliharibu shauri lenyewe.

Umaskini peke yake pia haumpotezei mama mtoto wake. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba hali ya kipato isiwe sababu pekee ya kumtenga mtoto na wazazi, bali iwe ishara kwamba familia inahitaji msaada. Ada imefutwa hadi kidato cha sita, na kaya zenye uhitaji mkubwa zina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoratibiwa na TASAF. Familia tajiri iliyoguswa na kipaji cha kijana inaweza kumnunulia sare, vitabu na nauli akiwa angali analala kwa mama yake. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo njia bora, ingawa haipigwi picha.

Upo upande mwingine usiopendeza. Mikoa ya kanda ya kati imekuwa kwa muda mrefu ikitoa wasichana wa kazi za ndani, na baadhi yao huondoka nyumbani kwa ahadi ya "nitamlea kama mwanangu". Binti anayelala jikoni, anayeamka wa kwanza na asiyekwenda shule hajalelewa, ametumikishwa. Kumpokea au kumsafirisha mtu kwa lengo hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Taarifa za mtoto wa namna hiyo hupokelewa bila malipo kupitia namba 116.

Familia iliyodhamiria kuasili huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ambaye kwa wakazi wa Majengo ni wa Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Hufanyika uchunguzi wa nyumba, kipato, afya na mwenendo wa waombaji, kisha kijana huishi nao kwanza katika malezi ya kambo yanayosimamiwa. Shauri likifika mahakamani, huteuliwa mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, tofauti na wakili wa familia. Amri ikitolewa, huingizwa katika rejesta ya watoto walioasiliwa, na nakala yake hutumika kama cheti cha kuzaliwa.

Hatua hizo huchukua muda, na kijana hana muda mwingi. Mtoto, kwa sheria hii, ni mtu aliye chini ya miaka 18. Familia inayomlea kijana wa miaka 16 tangu akiwa darasa la sita, ikiwa bado "inapanga kwenda kuandikisha", imebakiwa na muda usiofika miaka miwili.